Kibati Chini ya Mkia

Ardis Hruska alikuwa ameshika sahani ya chapati za maji na soseji alipoiona nambari ya ndege ya marehemu kaka yake ubavuni mwa ndege nyingine.

Alidhani macho yanamdanganya. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Nambari ilikuwa pale pale, herufi nyeusi juu ya rangi nyekundu. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya zamani, ya viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, aina ile ile aliyokuwa nayo Lumir. Ila ya Lumir ilikuwa ya njano. Na ya Lumir ilikatika bawa angani miaka minane iliyopita, ikaangukia shamba la mahindi la kina Sedlacek, na Lumir akafia humo humo.

Ilikuwa Jumapili ya Juni, siku ya staftahi ya marubani katika kiwanja cha Velda, Nebraska. Watu walikuwa wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wamejipanga mbele ya banda la ndege wakingoja kupakuliwa. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na masinia ya kolache, maandazi ya Kicheki, za plamu na za mbegu za mpopi, Ardis mwenyewe alikuwa ameamka alfajiri kuzioka. Na kule kwenye nyasi watoto walikuwa wamepanga foleni, maana kila mwaka marubani huwarusha bure, mzunguko mmoja juu ya mji na kurudi. Foleni ndefu kuliko zote ilikuwa mbele ya ile ndege nyekundu.

Ardis aliiweka sahani yake juu ya pipa la takataka, akaanza kutembea.

Mwenye ndege alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu fupi na kofia ya kampuni ya mbegu. Alikuwa akimfunga mkanda msichana mdogo wa kina Pokorny kwenye kiti cha nyuma.

"Samahani, bwana. Ndege hii umeitoa wapi?"

Kijana akageuka, akatabasamu. "Shikamoo, mama. Clint Ostrander, nimetoka Kansas. Unaipenda? Nimeinunua mwaka jana tu. Ni bibi wa miaka sabini na kitu hii ndege, lakini bado mrembo."

"Sikukuuliza umri. Nimekuuliza umeitoa wapi."

Tabasamu likapungua. "Kwa jamaa mmoja wa Missouri, anazifufua hizi za zamani. Aliniambia ililala ghalani miaka mingi. Kwani vipi?"

"Hiyo nambari ni ya kaka yangu."

"Ah." Clint akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemfariji mzee aliyechanganyikiwa. "Inatokea, mama. Ndege ikifutwa kwenye daftari la serikali, nambari yake inakaa, kisha anapewa mwingine akiiomba. Kama nambari ya simu tu. Pole kwa kukushtua."

Hilo Ardis alilijua. Alikuwa amelelewa na ndege, alishika bawa la ndege kabla hajashika usukani wa trekta. Nambari ya ubavuni hupakwa rangi leo na kufutwa kesho, haithibitishi kitu. Kwa hiyo hakubishana naye. Alizunguka kwa nyuma mpaka mkiani, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande na sketi yake ya kanisani, akainamisha kichwa.

Kile alichokuwa akikitafuta kilikuwepo. Kibati cha alumini, ukubwa wa kadi ya kuchezea, kimefungwa kwa skrubu chini ya mkia, mahali ambapo mtu aliyesimama chini anaweza kukisoma. Kina aina ya ndege na nambari ya kiwandani. Basi.

Sheria ya kibati hicho ilitoka mwaka wa themanini na nane. Ndege mpya zilitakiwa zitoke kiwandani na kibati chao nje. Zile za zamani, ambazo kibati chao cha kiwandani kiko ndani karibu na mlango, ziliruhusiwa kukiacha huko, mradi aina na nambari ziandikwe tena nje, pasipofutika. Serikali ilikuwa imechoka na walanguzi wa dawa za kulevya waliokuwa wakipaka ndege rangi usiku mmoja na kuzigeuza nyingine. Lumir aliposoma habari hiyo alitukana wiki nzima. "Watu wanaingiza kokeini Florida, halafu mimi huku Nebraska ndiye nitoboe ndege yangu!" Lakini alitoboa. Alikata kipande cha alumini kwa mkasi wa bati, akakiweka juu ya fuawe, akagonga herufi moja moja kwa nyundo, Ardis akiwa amemshikia rula zisiende mrama. Zilikwenda mrama hata hivyo. Saba ya katikati iliteleza ikalala kama mlevi, na Ardis akacheka mpaka Lumir akamtupia kitambaa cha grisi usoni.

Saba ile sasa ilikuwa mbele ya macho yake, imelala vile vile.

Alibaki amepiga magoti. Akanyoosha kidole akaigusa ile saba. Kaka yake ndiye aliyeigonga. Na ndege aliyoigongea haikuwepo tena duniani, yeye aliiona kwa macho yake, imekunjika kama karatasi katikati ya mahindi. Ilimchukua wiki kadhaa kuacha kuiona kila akifumba macho.

Na aliyeichukua pale shambani kwa lori lake, aliyemwambia, "Usijali, Ardis, nitaipeleka ikasagwe, hakuna kipande chake kitakachoruka tena," alikuwa Rudy Teply.

Rudy alikuwa pale banda la ndege, umbali wa kurusha jiwe, amevaa aproni iliyoandikwa *Mpishi Mkuu*, anageuza chapati za maji na kutania watu. Fundi wa ndege wa Velda kwa miaka arobaini. Rafiki wa Lumir tangu shule ya msingi. Baba wa ubatizo wa binti yake Ardis. Alilibeba jeneza la Lumir upande wa kulia, mbele.

Ardis akasimama. Goti moja la sketi lilikuwa limelowa na kuingia majani. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa ndege, akaanza kumfungua mkanda yule mtoto wa Pokorny.

"Shuka, mwanangu."

"We mama, unafanya nini?" Clint akamshika mkono.

"Niachie mkono."

"Hii ni ndege yangu! Watoto wamengoja saa nzima!"

"Nimesema niachie mkono, kijana, kabla sijakuvunja pua mbele ya hawa watoto." Hakupaza sauti. Labda ndiyo maana Clint alimwachia. Ardis akamteremsha mtoto, kisha akaenda kusimama mbele ya pangaboi, akakunja mikono. "Sasa washa. Washa kama wewe ni mwanamume. Leo hii ndege hairuki labda ipite juu yangu."

Watu wakaanza kusogea, wengine na sahani mkononi. Baba yake yule mtoto akaja mbio. Mtu mmoja akasema, "Ardis, kuna nini tena?" kwa sauti ile ambayo watu humtumia mwanamke mwenye hasira wakitaka atulie kabla hawajajua kilichomkasirisha. Jambo hilo lilimchoma zaidi.

"Niitieni Rudy," akasema. "Mwambieni aache kugeuza chapati aje hapa."

Rudy akaja akipangusa mikono kwenye aproni. Alikuwa bado anacheka kicheko cha mzaha aliouacha jikoni. Akaiona ndege. Ardis alikuwa akimtazama usoni wakati huo hasa, na hakuwahi kusahau alichokiona: kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki mdomoni huku macho yakiwa yameshakufa.

"Rudy. Soma hicho kibati pale chini ya mkia, uwasomee watu."

"Ardis, dada'angu, twende pembeni tuzungumze."

"Pembeni wapi? Nimekwambia soma."

"Si mahali pake hapa. Kuna watoto."

"Watoto ndio walikuwa wanapanda!" Sasa sauti ilipanda, ikamtoka yote. "Unawaona hawa? Ungewaacha wapande? Uliniambia umeipeleka ikasagwe. Ulikaa jikoni kwangu, ukanywa kahawa yangu, ukanishika bega ukaniambia imesagwa. Sasa hii ni nini? Mzimu?"

Rudy alitazama nyasi. "Ilisagwa," akasema. "Ndege ilisagwa, naapa. Vibati tu ndivyo… Vibati na karatasi zake. Alikuja mtu kutoka Missouri, alikuwa na mabaki ya kutosha kujenga ndege nzima ila hayakuwa na jina. Alitaka jina tu, Ardis. Ni bati. Ni vipande viwili vya bati."

"Jina la nani?"

Rudy akaanza kuifungua aproni.

"Jina la nani, Rudy?"

Clint Ostrander alikuwa amesimama kati yao, akigeuza kichwa huku na huku. "Ngojeni kwanza," akasema. "Ngojeni. Mnaniambia ndege yangu siyo ndege yangu?"

"Ndege yako haijulikani ni nini," Ardis akamwambia. "Ndege yenye hicho kibati ilimuua kaka yangu. Iliyobaki hapa, anayejua imetoka wapi ni shetani na huyo mtu wa Missouri."

"Nimempandisha mke wangu humu, na ana mimba." Clint alisema hivyo polepole, kisha uso ukamwiva. Akamgeukia Rudy, na kwa kitambo watu walidhani atampiga. Badala yake alimgeukia Ardis. "Na wewe! Hukuweza kuniita kando? Umenivua nguo mbele ya umati. Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," Ardis akasema. "Lakini nilikuuliza vizuri mara mbili, ukanijibu kama mtu anayezungumza na kichaa."

Alitoa bisibisi kwenye boksi la vifaa lililokuwa wazi kando ya gurudumu. Alikuwa ameshapiga magoti tena mkiani, amekaza ncha kwenye skrubu ya kwanza, pale mzee Vondra, msimamizi wa kiwanja, alipomwekea mkono begani.

"Usikitoe, Ardis. Kukitoa bila ruhusa ni kosa. Ukikitoa wewe, Rudy atasema hakikuwepo."

Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli Ardis alitamani kumchoma bisibisi. Sheria ilikuwa inakilinda kibati chenye ile saba mlevi vizuri kabisa. Kuchomwa moto kisichomeke, kutolewa kisitolewe. Ila Rudy alikitoa akiwa ghalani kwake, mlango umefungwa, na hakuna aliyemgusa.

Akaitupa bisibisi kwenye nyasi. Kisha akaketi pale pale chini ya mkia, na hakuinuka mpaka Vondra alipoifunga ile ndege kwa mnyororo na kupiga simu ofisi ya usafiri wa anga huko Lincoln.

Mkaguzi alikuja Jumanne, mwanamke mfupi mnene aliyeitwa Sandoval, na maneno yake yalikuwa machache. Clint alikuwa amelala katika moteli ya barabara kuu siku zote hizo, hakutaka kwenda nyumbani kumweleza mkewe kabla hajajua la kueleza. Sandoval alilinganisha kibati cha ndani na cha nje, akapiga picha, kisha akamwuliza Clint kama yuko tayari kitambaa cha bawa kichanwe.

"Chana," Clint akasema.

Alichana mwenyewe Sandoval kwa kisu kidogo, kuanzia shinani mwa bawa la kushoto, akaurudisha nyuma ule wekundu kama ngozi ya mnyama. Ndani kulikuwa na boriti ya mbao, ndiyo mfupa wa bawa. Mbao mbili za rangi mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa gundi, kiungo kifupi na cha ovyo, pahali pale ambapo uzito wote huegemea. Sandoval aliingiza ncha ya kisu kwenye kiungo. Ikaingia kama kwenye jibini.

Clint alikwenda nyuma ya tangi la mafuta kumpigia mkewe simu.

"Ingeweza kuruka miaka kumi mingine," Sandoval alimwambia Ardis baadaye. "Ingeweza pia kukatika Jumapili ile."

"Na kiwiliwili chake kimetoka wapi?"

"Sijui. Nambari zake zimepigwa msasa. Huenda ni ya wizi, huenda ni ya jalalani. Haina cha kuitambulisha isipokuwa bati la kaka yako."

Rudy alinyang'anywa leseni yake ya ufundi kabla ya mwisho wa Julai. Mtu wa Missouri alikuwa na wanasheria, kesi yake ikaburuzwa na kuahirishwa. Mtu angedhani baada ya mkaguzi kuingiza kisu katika lile bawa, Velda nzima ingekwenda kumshukuru Ardis. Walikwenda wachache. Mama Pokorny alikuja na keki, akalia mlangoni hata hakuweza kuingia. Wengine walinyamaza, na wengine walimweleza waziwazi. Kwamba Rudy ni mzee. Kwamba ametengeneza matrekta na ndege za mji huu kwa kukopesha na kusamehe. Kwamba sasa marubani wa kunyunyizia dawa mashamba watasafiri mbali kutafuta fundi. Kwamba Lumir, Mungu amrehemu, harudi.

"Ungemwita kando tu ukamalizana naye," binamu yake alimwambia baada ya misa. "Mambo ya nyumbani yale."

"Nimwite kando, halafu?"

"Halafu angeomba radhi."

"Na lile bawa lingeomba radhi nani?"

Binamu akaondoka kwa hasira. Ardis naye akaendesha gari mpaka nyumbani akiongea peke yake, akipiga usukani kwa kiganja. Kilichomkera si kwamba walimpenda Rudy. Hata yeye alimpenda. Alijikuta mara mbili tatu ameanza kupiga nambari yake ya simu kwa sababu pampu ya kisima imekataa, na kila mara alipokumbuka, hasira ilimrudia mpya kana kwamba ndiyo kwanza apige magoti mkiani.

Mwezi Agosti Sandoval alimpigia kumwambia kwamba vibati vyote viwili vitaharibiwa, kwa kuwa ndege yenye nambari ile haipo tena.

"Nipe kile cha nje," Ardis akasema. "Kile alikitengeneza kwa mikono yake."

"Nimeomba kwa niaba yako, Bi. Hruska. Wamekataa. Kikishatoka mikononi mwetu kinaweza kuishia mahali popote tena."

Ardis alitaka kumtukana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alichokisikia, alipokisikia vizuri, ni lile ombi alilomwomba Rudy pale shambani: kisiruke tena kipande chochote. Mtu mmoja tu kati ya wote ndiye aliyelichukulia ombi hilo kwa uzito, na ni mgeni aliyelipwa na serikali.

"Basi nataka nione kwa macho yangu," akasema.

Alikwenda Lincoln. Kwenye karakana nyuma ya ofisi, Sandoval alimwachia akishike kidogo. Kilikuwa chepesi kuliko alivyokumbuka. Kisha mashine ya kukatia bati ikakishika, ikakikata katikati ya ile saba, ikavirudia vipande mpaka vikawa kama chembe za mahindi. Ardis hakulia. Alisema asante, akapanda gari akarudi Velda.

Clint hakumpigia simu wala kumwandikia. Ardis alisikia tu kwamba ameuza mabaki ya ndege yake kama chuma chakavu baada ya yeye mwenyewe kuipasua yote kwa shoka, na kwamba mkewe amejifungua salama. Hakumlaumu kwa ukimya wake. Angekuwa yeye, asingetaka kuuona tena uso wala kuisikia sauti ya mtu yeyote wa Velda.

Rudy alikuja Septemba. Ardis alikuwa jikoni akitia nyanya kwenye chupa za kuhifadhia, dirisha lote limejaa mvuke, aliposikia lori lile analolijua kwa mlio. Alifungua mlango wa wavu lakini hakutoka, wala hakumkaribisha. Rudy alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia.

"Nimekuja kusema, Ardis."

"Sema."

"Sikutaka mtu aumie. Nilijiambia itajengwa vizuri. Nilijiambia hata Lumir angefurahi, nambari yake iko hewani badala ya kuozea jalalani."

"Ulijiambia hayo kabla hujapokea hela au baada?"

"Baada."

Hilo angalau lilikuwa la kweli, na Ardis alilipokea kama la kweli. Akaegemea kizingiti. Kulikuwa na kitu kimoja alichotaka kukijua kuliko radhi zote, kitu kilichomkosesha raha kiangazi kizima.

"Nataka unijibu jambo moja, na usinipambie. Ulipokuwa ghalani kwako, unafungua zile skrubu. Kile kibati alichokigonga mbele yako, kwenye fuawe yako, mimi nimeshika rula. Na damu yake ilikuwa bado iko kwenye kiti. Ulikuwa unafikiria nini?"

Rudy aligeuza kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili. Akafikiri kweli. Ardis aliona kwamba anafikiri kweli, anatafuta.

"Nilikuwa nafikiria zimeshika kutu," akasema. "Nilikuwa nafikiria nisivunje kichwa cha skrubu."

Mvuke ulikuwa unatoka jikoni ukipita kati yao. Mahali fulani ng'ambo ya barabara mashine ya kuvuna ilikuwa ikinguruma.

"Nenda nyumbani, Rudy."

"Ardis, miaka yote hii…"

"Nenda nyumbani. Sijakwambia usirudi. Siku nikiweza kukutazama bila kutaka kukurushia kitu, nitakupigia simu. Sasa hivi nina chupa ya moto mkononi, na nakushauri uondoke."

Aliondoka. Ardis alisimama pale mpaka lori likapotelea kwenye vumbi la barabara ya changarawe, kisha akaufunga mlango wa wavu kwa nguvu hata ukaruka bawabani. Akautukana mlango. Akamtukana Rudy, akamtukana mtu wa Missouri ambaye hajawahi kumwona, akamtukana na Lumir pia, aliyekufa akamwachia haya yote ayabebe peke yake. Kisha akarudi kwenye jiko, maana nyanya zilikuwa zinachemka, na nyanya zikipita kiasi haziliki.